Ketura Aliyekosa Neno

Ketura Yarnley alizungumza na ng'ombe kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, wala hakuwa mwendawazimu. Aliwapa habari za theluji iliyokuwa njiani, akawaeleza nani kajifungua na nani kahamia ng'ambo ya milima, kisha akawauliza wao wanaonaje. Nikipita kando ya zizi lake asubuhi na ndoo zangu nilimsikia, nami nilikaza mwendo asije akajua kwamba nimemsikia. Kwa binadamu alikuwa kama hana ulimi. Atakuamkia, ataitikia, basi.

Wanaume wa kinuni walisema ana roho ya jiwe, ati shamba limemshibisha. Mimi Hulda Tench ni jirani yake, na tangu sote tu wasichana nimekaa nyuma yake katika nyumba ya mkutano ya Oxley, nikiutazama mgongo wake kila Siku ya Kwanza, yaani Jumapili. Nawaambia hao wa kinuni ni wapumbavu. Ketura alikuwa mpweke, mpweke wa kutisha, na upweke huo una siku uliyoanza. Naijua kwa sababu nilikuwepo.

Lakini aliyeupandia mbegu ni baba yake. Simsengenyi marehemu, ila sisi watu wa dhehebu la Marafiki tumefunzwa kusema jambo lilivyo. Barzilai Yarnley alikuwa Rafiki kupita Marafiki wote wa bonde hili. Kofia yake hakumvulia hakimu wala gavana. Farasi wake alipoibwa na mwizi akakamatwa, alikataa kula kiapo mahakamani, kwa kuwa ndiyo yetu ni ndiyo na siyo yetu ni siyo, na farasi akampotea hivihivi mbele ya macho yake. Nyumbani kwake hapakuwa na picha, wala wimbo, wala utepe mwekundu. Mkewe alifariki mapema akamwachia mabinti wawili: Ketura mkubwa, mrefu, mchache wa maneno, na Damaris mdogo, ambaye alijaliwa maneno ya kuwatosha wote wawili.

Barzilai alipofariki, Eliakim Pell, mzee wetu wa mkutano aliyeachiwa kusimamia usia, alikuja kuusoma jikoni. Nilikuwa nakatakata mkate wa wageni, nikasikia neno kwa neno. Shamba, nyumba ya mawe na bustani ya matufaha ni vya mabinti wote wawili, nusu kwa nusu, maadamu kila mmoja yu katika umoja na mkutano na maamuzi yake yote. Atakayetoka katika umoja, fungu lake limwendee mwenzake, wala yeye asilale tena chini ya paa hili wala asile mazao ya ardhi hii. Wakitoka wote wawili, shamba liwe la mkutano, ijengwe shule.

"Baba amezikwa jana," Damaris akasema, "na leo tayari anatufunga vifungo vya koti."

"Damaris," akasema Ketura.

"Nini? Si kweli?"

"Kweli. Lakini nyamaza."

Walicheka wote wawili, Ketura akijificha nyuma ya leso. Nataka mkumbuke hilo, maana watu wanadhani hawakupendana. Walilala kitanda kimoja toka utotoni. Damaris alisema, Ketura akasikiliza, na kila mmoja alikuwa anafanya lile alilolipenda.

Mwaka uliofuata akaja Jakob Hauck kutengeneza mapipa ya pombe ya matufaha. Alikuwa Mjerumani wa kanisa la Kilutheri lililo upande wa pili wa mto, mfupi, mabega mapana, na alipofanya kazi alipiga mluzi. Jamani, mluzi! Katika ua wa Barzilai! Damaris alikuwa anatoka kila mara kumpelekea maji, hata mvua ikinyesha. Nilimwambia Ketura, "Fundi huyu atakufa kwa kunywa maji." Ketura alitabasamu tu. Hakuona ubaya.

Wakaoana kanisani kwa Jakob. Kwetu bwana na bibi husimama mkutanoni wakaahidiana wenyewe, hakuna wa kuwaozesha ila Mungu. Damaris aliozeshwa na mchungaji anayelipwa mshahara wa kuhubiri, kisha fidla ikapigwa. Mkutano haukuweza kulifumbia macho. Akina mama wawili walitumwa kwake mara kwa mara, kwa upole, miezi na miezi, kumwomba aseme kwamba anajuta. Kila mara aliwapa chai na kuwaambia hajuti. Basi jambo likarudi kwenye mkutano wa akina mama lipate kumalizwa.

Hapa lazima mjue tunavyofanya. Baada ya ibada ukuta wa mbao hushushwa kwa kamba katikati ya nyumba, wanaume kwao, wanawake kwao, na shughuli zinaanza. Hatupigi kura. Karani huuliza kama Marafiki wako radhi, halafu tunakaa kimya, na kimya hicho ndicho kibali. Mmoja tu akisema hayuko radhi, jambo linalala hadi mwezi ujao, na ujao tena, hata mwaka. Nimewahi kuona suala la kutengeneza paa la banda la farasi likilala mpaka paa likaanguka lenyewe.

Kwa hiyo Damaris alihitaji mtu mmoja. Na alikuwa naye. Siku chache kabla, sisi watatu tukisugua vyombo, Ketura alikuwa amesema, tena kwa sauti ya kusikika, "Nitawaambia siko radhi. Watasubiri. Wakisubiri sana watachoka."

Siku ilipofika Damaris alikaa benchi la mbele, ana mimba ya kwanza, amejigeuza nusu ili amwone dada yake. Prisila Oden, karani wetu, akasoma azimio la kumtoa Damaris Yarnley, sasa Hauck, katika Marafiki. Akauliza, "Marafiki wako radhi?"

Kimya kikatanda.

Nilikuwa nyuma ya Ketura. Niliona shingo yake ikiwa nyekundu chini ya kofia, kisha ikawa nyeupe. Mikono ilishika ukingo wa benchi. Nilijua anafanya nini. Barzilai alimfunza tangu mdogo kwamba mkutanoni mtu hasemi la kwake; anakaa, anasubiri, mpaka neno lipewe kutoka juu, na asemaye kabla ya kupewa anamwibia Mungu nafasi. Damaris somo hilo liliingilia sikio hili likatokea lile. Ketura lilimwingia mfupani. Alikuwa anasubiri. Neno lake mwenyewe alikuwa nalo, nililisikia jikoni kwa masikio yangu, lakini alitaka lile jingine, na jingine halikuja. Mnauliza mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa natafuniwa vidole na woga wangu, na nilisema moyoni kwamba dada mtu atasema, si mimi. Prisila alisubiri muda mrefu, hilo simlaumu. Kisha akachovya kalamu akaandika.

Damaris aliendelea kumtazama dada yake hata baada ya wino kukauka.

Nje, karibu na jiwe la kupandia farasi, Ketura alimfuata mbio. Sikuwahi kumwona akikimbia kabla ya hapo. "Sikupewa neno," akasema. "Damaris, nilisubiri, sikupewa neno."

"Ulipewa shamba," Damaris akasema, akapanda gari la mapipa.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya mwisho kwa muda mrefu kupindukia.

Ketura alibaki na vyumba saba na mlango wa kila chumba. Chumba chao cha juu alikifunga, akahamishia godoro jikoni, akawa analala kando ya meko wakati wa baridi na wakati wa joto pia. Alikuwa na kibarua mmoja, mzee mgeni kutoka Wales asiyesikia vizuri, na naamini alimchagua kwa sababu hiyo. Wachumba walikuja, wajane wenye nia njema na shamba lao la kuunganishia. Mmoja alikaa naye sebuleni mchana kutwa, akaondoka akisema amewahi kukaa na maiti yenye gumzo zaidi. Nilimkaripia, lakini nilicheka, Mungu anisamehe.

Mwezi wa Kumi ulikuwa mbaya kuliko yote. Ndio mwezi wa kupika jamu ya matufaha katika chungu kikubwa cha shaba uani, na hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja anakoroga, mwenzake anapumzika na kuchochea moto na kusimulia upuuzi, kwa maana ukiacha kukoroga kidogo tu jamu inashika chini. Ketura alikoroga peke yake toka alfajiri hadi jua linazama. Nilikwenda kumsaidia, akanishukuru, akasema anaweza. Nilimwona akibadilisha mkono, halafu anaupeleka ule mwingine mgongoni kuukanda. Jamu hiyo hakuila. Aliigawa yote, mitungi kwa mitungi, kwa kila nyumba ya bonde isipokuwa ile moja aliyokatazwa. Mara moja aliacha kapu la matufaha kwenye ua wa fundi mapipa kinyume na usia. Asubuhi kapu lilikuwa mlangoni pake, matufaha yote yamo, hakuna hata moja lililong'atwa.

Na Damaris, je? Alikuja ibadani. Sisi mtu tuliyemtoa hatumfungii mlango wa ibada. Anafungiwa mlango wa shughuli tu. Kila Siku ya Kwanza alivuka mto, akaketi benchi la mwisho karibu na mlango, amevaa kofia yetu na shali ya Kijerumani. Ibada ikiisha na ukuta wa mbao ukianza kushuka, alisimama akaenda zake. Kwa hiyo dada hao wawili walikuwa chini ya paa moja saa kadhaa kila juma, wamenyamaza kama sisi sote, na wangeweza kusikia mtu akikohoa. Damaris akikohoa, mgongo wa Ketura ulishtuka. Nilikuwa nyuma yake, niliuona.

Mtoto wa Damaris hakuishi. Wala wa pili. Yule wa pili alipozikwa katika makaburi ya Kilutheri, Ketura alikwenda. Lakini mchungaji wa mshahara alikuwa anasema pale, na Rafiki hakai akasikiliza maneno ya kununuliwa, basi akasimama barabarani, nje ya ukuta, kwenye tope, mpaka watu wakatoka. Damaris alipita karibu naye kiasi cha kugusana mikono ya nguo. Wakapishana tu. Niliwaona wote wawili nikataka kuwazaba makofi, halafu nikaenda nyumbani nikalia.

Jakob alifariki kwa homa, akiwa bado na nguvu zake. Alikuwa ameacha mapipa ambayo hayajakamilika, na Damaris aliyauza kuni. Tangu hapo aliishi kwa kusokotea watu sufu katika kile kibanda cha fundi, chumba kimoja na meko. Alikonda. Alikohoa zaidi.

Wazee wetu si watu wabaya. Eliakim Pell mwenyewe alisema mkutanoni kwamba sasa mume hayupo, kizuizi kimeondoka. Mwanamke huyu aseme tu kwamba anajuta alivyoolewa, arudishwe, na nusu ya shamba iwe yake kama baba alivyotaka. Wakatafuta wa kumtuma. Ketura akasimama. "Nitakwenda," akasema, na wote tukageuka kutazama ni nani aliyesema. Wakanipa mimi niende naye.

Njiani alitembea mbele yangu kama msichana. Aliniambia, mimi, si ng'ombe, kwamba amekifungua chumba cha juu kipate hewa, na kwamba godoro la Damaris amelijaza maganda mapya ya mahindi. "Atalalamika ni gumu," akasema. "Siku zote analalamika." Uso wake uling'aa. Nilimwonea huruma.

Damaris alifungua mlango, akatutazama, akasema, "Hulda, karibu. Na wewe karibu. Nadhani mmekuja kuniomba niwe mwongo."

"Tumekuja kukusalimu," nikasema.

"Wewe Hulda, husalimu mtu umevaa kofia ya mkutano. Kaeni."

Alitupa kabichi ya kuchachuka na mkate wa shayiri. Usia ulimkataza Damaris kula vya Ketura. Ketura hakukatazwa kula vyake. Ketura alikula sahani yote, na ninajua hapendi kabichi. Kisha akasema ujumbe wa wazee, kwa shida, kila neno kwa zamu yake.

"Kwa hiyo niseme najuta kuolewa na Jakob," akasema Damaris.

"Namna ulivyoolewa tu. Mchungaji. Fidla."

"Nilicheza dansi kwa ile fidla, Ketura. Nilicheza mpaka kiatu kikatoka. Sijuti hata kiatu."

"Ni sentensi moja, Damaris. Chumba kipo tayari. Unakohoa. Kibanda hiki kinaingiza upepo kila mahali."

"Sentensi moja!" Damaris alicheka kwa uchungu. "Haya sasa tumefika. Sentensi moja uliwahi kuombwa wewe, ukashindwa, na yako ilikuwa kweli. Yangu ni uongo, nawe unataka niitamke niwe nimeshiba."

Ketura aliweka mikono mezani. "Sikuwa radhi siku ile," akasema. "Unajua sikuwa radhi."

"Mimi najua nini? Najua kilichoandikwa. Imeandikwa Marafiki walikuwa radhi, wote, na wewe umo. Kawaambie wao. Waambie hukuwa radhi siku ile na leo huko radhi, halafu njoo uniombe chochote utakacho."

Mimi nilielewa kwa haraka, na naona Ketura alielewa kabla yangu. Umoja na mkutano na maamuzi yake yote. Ndivyo alivyoandika Barzilai. Akitamka kwamba hana umoja na uamuzi ule mmoja, amejitoa katika shamba kwa kinywa chake. Dada mmoja nje, wa pili nje, shamba kwa mkutano. Hapatakuwa na chumba cha juu cha kumrudisha mtu.

"Nikisema hivyo," Ketura akasema polepole, "sitakuwa na mahali pa kukupeleka."

"Ndiyo hivyo," akasema Damaris. "Chukueni na mkate wa njiani."

Kurudi, Ketura alitembea nyuma yangu hadi darajani. Pale akaniuliza kama ninadhani mtu anaweza kusubiri kupewa kitu ambacho alikuwa nacho tayari mkononi. Nilimwambia kwamba mimi ni mke wa msaga unga na asiniulize mambo mazito kabla ya chakula cha jioni. Nilijuta kumjibu hivyo, kwa sababu hakuuliza tena.

Siku ya Kwanza iliyofuata tulikaa kama kawaida. Kulikuwa na nzi. Wanaume upande wao na kofia zao, sisi upande wetu, wazee mbele wakitutazama, Damaris mlangoni. Kimya kilikuwa kizuri, cha kuweza kulala ndani yake, na nadhani nilikuwa nimeanza kusinzia mgongo wa Ketura ulipoinuka mbele yangu.

Hakuwa amesema ibadani maisha yake yote. Alilishika lile benchi la mbele yake.

"Sikupewa neno," akasema, na sauti ilipasuka, akaanza upya. "Hili si neno nililopewa. Ni langu mwenyewe, na kama ni kosa kulisema, Marafiki mnisamehe. Mlipomtoa dada yangu, mliuliza kama tuko radhi. Sikuwa radhi. Nilinyamaza na mkaandika nilikuwa radhi. Si kweli. Sikuwa radhi wakati ule, na leo sina umoja na uamuzi ule, wala sitakuwa nao mpaka nife. Nilimwacha peke yake mbele yenu. Nilimpenda, nikamwacha."

Akabaki amesimama. Nadhani hakujua namna ya kukaa.

Nyuma yetu benchi likalia. Wote tulisikia viatu vya Damaris, mlango ukafunguka, mlango ukafungwa. Ketura hakugeuka. Alikaa chini taratibu, na mgongo ule niliouzoea ulianza kutetemeka, nami nikanyoosha mkono nikauweka pale katikati ya mabega, mbele ya mkutano mzima, na atakayenisema aniseme.

Eliakim Pell alikuja kwake siku iliyofuata. Alimpenda Ketura, nasema haki yake. Alimwambia kwamba ibadani mtu huweza kuzidiwa, na akimwambia tu kwamba alizidiwa, yeye hatalifuatilia. Asipomwambia hivyo, yeye ni msimamizi wa usia na hana la kufanya.

"Sikuzidiwa," Ketura akasema.

"Fikiri, Ketura. Utakwenda wapi?"

"Sijui."

Walimpa mpaka mavuno yaishe. Miezi hiyo ilikuwa ya upweke kuliko ile yote niliyoisimulia, kwa kuwa sasa hata lile benchi la nyuma lilikuwa tupu. Damaris hakuja ibadani tena. Hakutuma salamu. Ketura alivuna matufaha ambayo si yake, akakamua ng'ombe ambao si wake, akafua mapazia ya nyumba ili shule iyakute safi. Jioni alikuwa anasimama kwenye lango akitazama barabara ya mtoni, anajifanya anatengeneza bawaba. Bawaba ile haikuwa na kasoro yoyote. Nilikuwa na chumba nyuma ya kinu, nikamwambia ni chake. Akanishukuru. Nilijua akija kwangu atakaa humo akinyamaza mpaka afe, na sitaweza kumfanyia chochote.

Siku ya kukabidhi funguo alitoka na fungu la nguo na kile chungu cha shaba, ambacho Eliakim alisema ni cha mama yake, si cha shamba. Nilikibeba mimi, naye akabeba nguo. Aliwaaga ng'ombe kila mmoja kwa jina. Hatukuwa tumefika barabarani, tukamwona Damaris anakuja na toroli la Jakob, gurudumu linapiga kelele.

Alisimama mbele yetu akihema. Akautazama mzigo.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivi tu," akasema Ketura.

"Nilikuwa nangoja nione kama utalirudisha neno lako kabla hawajachukua funguo."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungelirudisha ili kunifurahisha. Nakujua." Akachukua fungu la nguo akalitupa kwenye toroli. Akaninyang'anya chungu. "Kitanda ni kimoja. Mimi nalala upande wa ukuta. Na ujue nakohoa."

Ketura alilia hapo hapo barabarani, waziwazi, kama mtoto. Damaris alimwacha alie, akainua toroli, tukaanza kushuka kuelekea mtoni, mimi nyuma yao kwa kuwa hakuna aliyeniambia niende nyumbani.

Karibu na daraja Ketura akasema, "Damaris."

"Nini?"

"Niambie, Jakob alikuwa mtu wa namna gani?"

Damaris akasimama. Aliteremsha mikono ya toroli taratibu sana. Miaka yote ile ya kwenda kwake na kofia zetu tulimwuliza kama anajuta, kama amefikiri, kama ameomba. Hilo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza.

"Alikuwa anakoroma," akasema. "Alikuwa anakoroma, Ketura, huwezi kuamini," na akaketi kwenye ukingo wa daraja, na Ketura akaketi kando yake.